Shahada Ukiwa Katika Sare: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa Ada

Askari polisi mwenye doria ya usiku mjini Kahama, askari magereza anayeingia zamu alfajiri, na mwanajeshi mzaliwa wa Msalala ambaye kikosi chake kiko mkoa mwingine wanaunganishwa na jambo moja: muda wao si mali yao peke yao. Mtumishi wa kawaida akifunga ofisi jioni, saa zinazobaki ni zake. Askari huweza kuitwa usiku wa manane, kupelekwa kwenye oparesheni kwa majuma kadhaa, au kupokea barua ya uhamisho inayomtaka aripoti kituo kipya katika muda mfupi. Pamoja na hayo, wengi wao wanatamani shahada, na wapo walioipata bila kuvua sare.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya askari huyo, na pia kwa ajili ya mwenzi au mzazi anayemchangia ada. Elimu ya juu ni huduma inayonunuliwa, na anayeinunua ni mlaji mwenye haki ya kujua anachokilipia. Hata hivyo, askari ni mlaji mwenye hali ya pekee. Akigundua kosa baada ya kulipa, huenda asipate nafasi ya kwenda chuoni kufuatilia, kwa kuwa yuko lindoni. Kwa sababu hiyo kinga yake kubwa iko kabla ya malipo. Tunamshauri apime mambo matatu kwa mpangilio huu: kwanza ruhusa ya mwajiri, pili ithibati ya chuo na programu, tatu saa alizonazo kwa juma. Anayeanza na ada na kumalizia na ruhusa huwa ameezeka kabla ya kusimamisha ukuta.

Hali ilivyo Kahama na ukanda wa dhahabu

Kahama, iliyopandishwa hadhi kuwa manispaa mwaka 2021, imekua kwa biashara, kwa barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, na kwa dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu uko Msalala. Buzwagi, uliokuwa jirani kabisa na mji, ulifikia mwisho wa uzalishaji mwaka huohuo wa 2021. Na upande wa Geita kuna mgodi mkubwa pamoja na wachimbaji wadogo wengi. Penye mali na msafara wa watu panahitaji ulinzi. Ndiyo maana eneo hili lina askari wengi wa majeshi mbalimbali, na lina vijana wengi waliotoka hapa kwenda kulitumikia taifa kwingineko.

Anayetaka kukaa darasani kila siku hulazimika mara nyingi kutazama nje ya Kahama. Huenda akaelekea Shinyanga, ambako Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina taasisi yake ya Kizumbi, au Mwanza, yaliko makao ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino Tanzania. Safari ya kupitia Tinde hadi Shinyanga, kwenda na kurudi, humaliza sehemu kubwa ya siku ya mtu mwenye zamu. Pengo hilo kati ya hamu ya kusoma na umbali wa chuo ndilo linalowapa nafasi vishoka, yaani watu wanaojitokeza na fomu mkononi na kuahidi shahada ya haraka, isiyo na mitihani wala safari.

Njia tatu za halali

Njia ya kwanza ni masomo yanayotolewa ndani ya jeshi lenyewe. Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, kwa mfano, hutoa Shahada ya Sayansi ya Kijeshi kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu Arusha. Njia hii haiuzwi sokoni. Askari huteuliwa na mamlaka zake kwa vigezo vya kijeshi, na masomo huwa ndiyo kazi yake kwa kipindi hicho. Mtu yeyote wa nje anayedai kwamba anaweza kukununulia nafasi hiyo anakudanganya, na kumlipa kunaweza kukuingiza katika kosa la rushwa.

Njia ya pili ni ruhusa ya masomo ya muda wote katika chuo cha kiraia. Hapa mwajiri humwachia askari kwa miaka ya programu, mara nyingi kwa taaluma ambayo jeshi lina uhitaji nayo, kama vile udaktari, uhandisi au sheria. Nafasi zake ni chache kuliko waombaji, na hutegemea mpango wa mafunzo wa jeshi husika.

Njia ya tatu ni kusoma huku ukiendelea na kazi, hasa kwa elimu ya masafa. Kwa askari wengi wa kawaida hii ndiyo njia inayofikika, na ndiyo tutakayoieleza kwa kirefu. Nchini mwetu njia hii inaongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya mwaka 1992. Chuo hiki kiliundwa kwa wazo lililokwisha kujaribiwa kwingine: Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa njia ya posta mwaka 1946, na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1969. Makao makuu yake yako Kinondoni, Dar es Salaam, lakini kina vituo mikoani, Shinyanga na Geita vikiwamo. Mwanafunzi husoma alipo, hutumia jukwaa la masomo la mtandaoni, na hufika kituoni kwa mitihani na shughuli zilizopangwa.

Kuna pia programu za jioni na za mwisho wa juma katika vyuo mbalimbali. Hizo ni halali zikiwa na ithibati, lakini zimefungwa kwenye mji mmoja. Mwalimu wa shule au mfanyabiashara wa sokoni anaweza kuzimudu. Askari ajiulize kwanza: nikihamishwa mwezi ujao, darasa hili litanifuata?

Jambo la kwanza: ruhusa

Katika majeshi yote, kutokuwapo kituoni bila ruhusa ni kosa la nidhamu. Kwa wanajeshi nidhamu hiyo inasimamiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 na kanuni zake. Polisi na magereza nao wana sheria na kanuni zao. Mtihani wa chuo si udhuru. Askari aliyeondoka lindoni kwenda kufanya mtihani atahesabiwa kuwa ameondoka lindoni.

Kwa hiyo andika barua ya maombi, uipitishe ngazi kwa ngazi hadi kwa mwenye mamlaka, na usubiri jibu la maandishi. Maneno ya mdomo ya mkuu wako wa sasa, hata akiwa na nia njema, hayatamfunga mkuu ajaye. Barua yako itaje mambo haya kwa uwazi:

1. jina la chuo na la programu unayotaka kusoma;
2. namna ya usomaji, yaani masafa, jioni au muda wote;
3. muda unaotarajia kutumia hadi kuhitimu;
4. vipindi vya mitihani na mafunzo kwa vitendo vitakavyohitaji uwe nje ya kituo;
5. nani atalipa gharama;
6. uhusiano wa programu hiyo na kazi yako.

Kipengele cha sita kina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwajiri anaweza kukataa kuitumia shahada kukubadilishia kada au kukupangia majukumu mapya, ikiwa aliyeisomea hakuomba ruhusa au alichagua fani isiyo na nafasi katika muundo wa jeshi lake. Shahada yenyewe haipandishi cheo. Cheo hutolewa na mamlaka ya jeshi kwa vigezo vyake, na elimu ni kigezo kimoja tu. Anayesoma kwa matumaini ya cheo na aulize mapema, katika ofisi ya utumishi ya jeshi lake, kama fani anayoikusudia inahitajika. Anayesoma kwa ajili ya maisha baada ya utumishi naye ana sababu njema, lakini ni sababu tofauti, na itamwelekeza kwenye programu tofauti.

Tuchukue mfano wa kubuni. Koplo mmoja wa Kahama anajiunga na darasa la jioni katika mji wa jirani. Amelipa ada ya mwaka mzima, na amekubaliana kwa mdomo na mkuu wake wa zamu. Baada ya miezi mitatu anahamishiwa mkoa mwingine. Mkuu mpya hana habari ya masomo hayo. Chuo kinasema kanuni zake haziruhusu kurejesha ada baada ya muhula kuanza. Na mitihani inafanyika huku yeye akiwa mbali. Hapa hakuna aliyemwibia. Mkuu wa zamu alikuwa mwema, chuo kilifuata kanuni zake, na jeshi lilitumia haki yake ya kuhamisha. Hata hivyo fedha ya mwaka mmoja imepotea, na huenda ndiyo iliyokuwa ijenge chumba au isomeshe mtoto. Barua moja ya ruhusa na swali moja kuhusu uhamisho vingeweza kumwonya mapema.

Jambo la pili: ithibati

Nchini Tanzania vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoanza kazi mwaka 2005 ikichukua nafasi ya Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu. Vyuo vya ngazi ya cheti na stashahada, pamoja na baadhi ya taasisi zisizo vyuo vikuu zinazotoa shahada, viko chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Mlaji hana sababu ya kuamini bango wala kipeperushi wakati vyombo hivi hutangaza orodha zao wazi na bila malipo.

Hakiki mambo matatu, si moja. Kwanza, chuo: kimo katika orodha ya vyuo vinavyotambuliwa? Pili, mahali: kituo au kampasi unayoambiwa uende inatambuliwa, au ni chumba kilichopangishwa na mtu anayetumia jina la chuo halali? Tatu, programu: shahada unayoitaka imo katika mwongozo wa udahili wa mwaka huu? Chuo halali kinaweza kutangaza programu ambayo bado haijapata ithibati, na anayejiunga nayo ndiye anayebeba hasara.

Kwa vyuo vya nje ya nchi, tahadhari iwe kubwa zaidi. Siku hizi askari anaweza kujiandikisha kwa simu katika chuo kilichoko bara jingine. Baadhi ya vyuo hivyo ni vya heshima. Vingine ni biashara ya kuuza vyeti. Shahada ya nje hupelekwa TCU kutathminiwa na kutambuliwa kabla ya kutumika kwa ajira nchini. Uliza TCU kuhusu chuo hicho kabla ya kujiandikisha, wala usingoje hadi uhitimu. Ukipitia kwa wakala wa vyuo vya nje, thibitisha kwamba wakala huyo anatambuliwa na Tume.

Ishara za hatari ni hizi: shahada inayoahidiwa kwa miezi michache, cheti kinachotolewa kwa "uzoefu wa kazi" pekee bila tathmini yoyote, malipo yanayotakiwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na mhudumu anayekuharakisha kwa kusema nafasi zinakwisha leo. Kughushi cheti au kutumia cheti cha kughushi ni kosa la jinai, na kwa askari humaanisha pia kupoteza kazi na heshima aliyoijenga kwa miaka.

Sifa za kujiunga

Askari wengi waliingia jeshini baada ya kidato cha nne au cha sita. Kila mmoja ana mlango wake.

Mhitimu wa kidato cha sita huhitaji, kwa jumla, ufaulu katika masomo mawili yanayohusiana na programu, wenye pointi zisizopungua 4.0. Katika hesabu hiyo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hivyo D mbili hufikia kiwango hicho cha chini. Waliohitimu mwaka 2014 na 2015, wakati mfumo wa madaraja ulipokuwa tofauti, huhitaji C mbili. Programu za afya, uhandisi na nyinginezo hudai zaidi ya hapo, na chuo kina haki ya kuweka masharti ya juu.

Mhitimu wa kidato cha nne hupitia kwanza ngazi ya cheti na stashahada. Akiwa na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne na stashahada yenye GPA isiyopungua 3.0, anaweza kuomba shahada katika fani inayohusiana. Ambaye ufaulu wake wa kidato cha sita au stashahada haukufikia kiwango anaweza kutazama Programu ya Msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambayo pia ina masharti yake ya kuingia na hudai GPA isiyopungua 3.0 kabla ya kuvuka kwenda shahada. Na ambaye kidato cha nne hakikukamilika vema aanze na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, yenye ofisi mikoani, au arudie mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Si vibaya kuchukua njia ndefu. Ni vibaya kuuziwa njia fupi ambayo haipo. Kishoka anayesema "sifa zako tutazirekebisha" anakuomba ushiriki kosa lake, na jina litakaloandikwa kwenye cheti ni lako.

Maombi hupelekwa moja kwa moja katika chuo, si kwa TCU. Mwombaji aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalumu ya siri, ndani ya muda uliotangazwa. Askari anayetarajia kuwa mahali pasipo na mtandao katika kipindi hicho apange mapema namna atakavyothibitisha.

Jambo la tatu: hesabu ya saa

Wengi huuliza ada ni kiasi gani, na wachache huuliza saa ni ngapi. Katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu nchini, uniti moja ya masomo huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu huhitaji uniti zisizopungua 360. Hizo ni saa 3,600 za kusoma, kusikiliza, kuandika kazi za chuo na kujiandaa kwa mitihani. Elimu ya masafa haipunguzi saa hizo. Inakuachia tu uzipange mwenyewe.

Zigawe hivi:

Kwa miaka 3: saa 1,200 kwa mwaka, yaani takribani 23 kwa juma.
Kwa miaka 4: saa 900 kwa mwaka, takribani 17 kwa juma.
Kwa miaka 5: saa 720 kwa mwaka, takribani 14 kwa juma.
Kwa miaka 6: saa 600 kwa mwaka, kati ya 11 na 12 kwa juma.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba majuma yote 52 ni yako. Kwa askari si hivyo. Ukitoa majuma 12 ya oparesheni, luteka, kozi za ndani na ugonjwa, yanabaki 40. Hapo mpango wa miaka mitatu unadai saa 30 kwa juma, na ule wa miaka mitano unadai 18. Mwenye zamu za usiku na watoto wadogo atajua mara moja kwamba saa 30 hazipo. Saa 18 huenda zikapatikana, iwapo nyumbani wamekubaliana.

Neno hilo la mwisho lisipuuzwe. Saa hizo hutoka mahali: kwenye usingizi, kwenye shamba, kwenye duka dogo linaloongeza kipato, au kwenye jioni za familia. Kabla ya kujiandikisha, jaribu kwa majuma manne. Soma kitabu cha fani unayoikusudia kwa saa ulizojipangia, ukiandika kila siku umepata ngapi kweli. Daftari hilo litakuambia ukweli kuliko shauku ya siku ya kwanza. Kisha uliza chuo kuhusu muda wa juu unaoruhusiwa kukamilisha programu, ili mpango wako usiuvuke.

Hesabu ya fedha

Omba mchanganuo wa gharama kwa maandishi, wa programu nzima na si wa muhula mmoja. Uangalie vitu hivi: ada ya maombi na usajili, ada ya masomo, mitihani, kitambulisho, mafunzo kwa vitendo, usimamizi wa utafiti na mahafali. Uongeze mwenyewe nauli na malazi ya siku za mitihani, vifurushi vya intaneti, na uchapishaji. Kwa anayetoka Kahama au migodini hadi kituo cha mtihani, nyongeza hizo si ndogo.

Usitegemee mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa shahada ya kwanza. Miongozo yake humtaka mwombaji asiwe na kipato cha ajira rasmi. Anayekushauri ufiche ajira yako ili upate mkopo anakushauri utoe taarifa za uongo kwa chombo cha serikali. Na kama uliwahi kunufaika na mkopo wa Bodi hiyo, kumbuka makato ya asilimia 15 ya mshahara wako yatakuwa yakiendelea huku ukilipa ada mpya. Jihadhari vilevile na mikopo ya mitaani yenye riba kubwa. Wasomaji wa ukanda huu wanajua jinsi kadi ya benki ya mtumishi inavyoweza kuishia mfukoni mwa mkopeshaji.

Lipa kwa awamu kama chuo kinaruhusu. Katika vyuo vya umma, lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo uliyoipata katika akaunti yako ya mwanafunzi; katika vyuo binafsi, lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo. Tunza kila risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ada ni mali.

Uhamisho, oparesheni na ulinzi wa amani

Askari wa Tanzania wamehudumu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa huko Darfur, Lebanoni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwanafunzi aliyepangiwa safari ya namna hiyo hawezi kutegemea mtandao wala kituo cha mtihani. Jambo la busara ni kuahirisha masomo rasmi kabla ya kuondoka. Kutoweka kimya kimya humfanya mwanafunzi aonekane ameacha masomo, na kurejea kwake hugeuka kuwa maombi mapya.

Kabla ya kulipa, kiulize chuo maswali haya na upate majibu ya maandishi: Naweza kuhamisha kituo cha mtihani, na kwa taarifa ya siku ngapi? Naweza kuahirisha kwa muda gani, na ada niliyolipa itahesabiwa vipi nikirudi? Nikikosa mtihani kwa amri ya kazi, nitaufanya lini bila kuhesabiwa kuwa nimefeli? Nikihamia chuo kingine, uniti nilizokwisha kuzipata zitatambuliwa? Chuo kinachojibu maswali haya waziwazi kinamheshimu mlaji wake.

Siri za kazi

Kundi la wanafunzi kwenye simu ni msaada mkubwa, lakini si mahali pa kueleza kikosi chako kiko wapi au kinaondoka lini. Ukiandika utafiti wa kuhitimu unaogusa jeshi lako, omba idhini ya maandishi kabla ya kukusanya taarifa. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inalinda taarifa za siri za serikali, na haimwachi mwanafunzi kwa sababu ni mwanafunzi. Wala usimpe wakala yeyote kitambulisho chako cha kazi, hati ya mshahara au namba zako za siri.

Kijana aliyeko kambini JKT

Mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, yaliyositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, huwakuta wahitimu wengi wa kidato cha sita katika msimu uleule wa kuomba vyuo. Kijana wa Kahama anaweza kuwa kambini matokeo yakitoka. Kabla ya kuondoka, aache nyumbani nakala za vyeti, namba zake za mitihani na orodha ya programu anazozitaka kwa mpangilio. Amwachie mtu mmoja wa familia anayemwamini, si mwenye duka la intaneti. Wapo waliojikuta wamechaguliwa kusoma fani ambayo hawakuitaka, kwa kuwa aliyewajazia fomu alijaza alichoona chepesi.

Ukiwa na malalamiko

Anza na chuo chenyewe, kwa maandishi, ukiambatisha risiti na barua zako. Usiporidhika, peleka suala TCU au NACTVET, kulingana na anayesimamia chuo hicho. Tangazo la udanganyifu linaweza kuripotiwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Utapeli wa fedha ni jambo la polisi, na anayeomba hongo ili akupe nafasi aripotiwe TAKUKURU. Askari asione aibu kulalamika. Kuvaa sare hakumwondolei mtu haki zake za mlaji.

Jihakiki kabla ya kulipa

1. Ninayo ruhusa ya maandishi.
2. Nimeona chuo, kituo na programu katika orodha rasmi.
3. Sifa zangu zinatosha bila "kurekebishwa".
4. Nimejaribu ratiba yangu kwa majuma manne.
5. Ninao mchanganuo wa gharama zote hadi mahafali.
6. Najua nitafanya nini nikihamishwa.
7. Nimekubaliana na familia yangu.

Ukiwa na majibu saba ya "ndiyo", lipa na uanze. Ukiwa na "hapana" hata moja, subiri. Muhula ujao utakuja, na chuo halali hakitahama. Shahada iliyochukua miaka sita kwa utaratibu wa haki itakaa katika jalada lako la utumishi bila swali. Ile ya miezi sita iliyonunuliwa kwa kishoka itakufanya uogope kila tangazo la uhakiki wa vyeti hadi siku ya kustaafu.